Kinga Dhidi ya Nini? Istilahi za Ngono Salama katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Ujumbe wa afya ya uzazi huwafikia watu kwa maneno kabla ya kuwafikia kwa vifaa na dawa. Makala hii inafafanua jinsi istilahi za Kiswahili zinazohusu ngono salama zinavyoligawa jambo moja katika nyanja mbili zisizokutana: kuzuia mimba upande mmoja, na kuzuia maambukizi upande wa pili. Yanachambuliwa maneno kinga, salama, magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI, pamoja na majina ya njia za uzazi wa mpango, ili kuonesha mahali ambapo umbo la neno humpa msikilizaji maana isiyolingana na maarifa ya tiba. Makala inapendekeza kwamba kila ujumbe utaje bayana kinachokingwa, na kwamba kauli ya kutendana itumike kuwagawia wajibu wote wawili wanaohusika.

Maneno makuu: istilahi, tafsida, polisemia, ngono salama, uzazi wa mpango

1.0 Utangulizi

Dereva wa lori anayetoka Mombasa kuelekea Kigali hupita Malaba na Kampala. Katika safari hiyo hukutana na lugha nyingi, lakini Kiswahili humtosha kuulizia njia, kununua chakula, kukodi chumba na kupata mwenzi wa usiku. Iwapo atahitaji pia kupima, kununua kondomu au kueleza maumivu anayoyasikia wakati wa kukojoa, Kiswahili hichohicho ndicho kitakachomsaidia au kumwangusha. Lugha ya biashara na safari ndiyo pia lugha ya hatari na ya tahadhari.

Watunga sera wa afya mara nyingi huichukulia lugha kuwa chombo cha mwisho: maarifa yanapokuwa tayari, mfasiri huitwa ayaweke katika Kiswahili. Mtazamo huo husahau kwamba istilahi si chupa tupu inayosubiri kujazwa. Kila neno huja na historia yake na jamaa zake, na msikilizaji huipata maana kutokana na hivyo kabla hajasikia maelezo ya mtaalamu. Neno likielekeza kushoto na maelezo yakielekeza kulia, wengi hulifuata neno.

Matokeo ya utafiti wa ECHO, yaliyotangazwa mwaka 2019, yanaonesha uzito wa suala hili. Utafiti huo uliwahusisha wanawake 7,829 katika nchi za Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, na kulinganisha njia tatu za kuzuia mimba: sindano ya miezi mitatu, kijiti na kitanzi cha shaba. Lengo lilikuwa kubaini kama mojawapo ya njia hizo inaongeza uwezekano wa kupata VVU. Haikuonekana tofauti kubwa baina yake. Hata hivyo, wanawake 397 walipata VVU katika kipindi cha utafiti, sawa na maambukizi 3.81 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka, ingawa wote walipewa ushauri na kondomu. Wanawake hao walikuwa wamekingwa vizuri dhidi ya mimba, lakini kinga hiyo haikuwa kinga dhidi ya virusi. Sababu za hali hiyo ni nyingi, zikiwemo umaskini, uwezo mdogo wa mwanamke kujadiliana na mwenzi wake, na mienendo ya wanaume. Makala hii haidai kwamba lugha ndiyo chanzo cha yote. Inadai kwamba lugha ni sehemu ya tatizo inayoweza kurekebishwa kwa gharama ndogo.

2.0 Kutoka Juliana hadi VVU: majina ya ugonjwa mmoja

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina rasmi la Kiswahili, na wananchi waliupa jina la Juliana, lililokuwa jina la nguo iliyopendwa iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Upande wa Uganda uliitwa siliimu, kutokana na jinsi ulivyomkondesha mgonjwa. Majina hayo mawili yanafunza jambo. Jina la kwanza lilitaja njia ambayo ugonjwa ulidhaniwa kuingilia, yaani biashara ya mpakani. La pili lilitaja kilichoonekana kwa macho. Hakuna kati yake lililotaja ngono, wala lililoweza kumhusu mtu aliyeambukizwa lakini angali mnene na mwenye nguvu.

Akronimu UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ilikuwa hatua kubwa ya kiistilahi. Ilieleza kinachotokea ndani ya mwili, na umbo lake lilikubaliana na fonolojia ya Kiswahili hata likapokelewa kama neno la kawaida. Hata hivyo, kirusi chenyewe kilipewa jina kwa kuegemea jina la ugonjwa: Virusi vya UKIMWI, kwa kifupi VVU. Muundo huo wa uhusishi, ambamo virusi ni mali ya UKIMWI, humfanya msikilizaji aone kwamba mwenye virusi tayari ana ugonjwa wenyewe. Kumbe mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo anaweza kuishi miaka mingi bila kufikia hatua ya UKIMWI, na kiwango cha virusi kinaposhuka hadi kutoonekana katika vipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Maarifa hayo ni vigumu kuyapachika juu ya istilahi ambayo tayari imeunganisha virusi na ugonjwa.

Katika Kiswahili cha Kongo, na kwa wasemaji wa Rwanda na Burundi waliosoma kwa Kifaransa, neno linalosikika zaidi ni sida. Kwa hiyo msafiri wa barabara iliyotajwa hapo juu hukutana na majina matatu ya jambo moja. Kwa mtaalamu hilo ni suala la visawe tu. Kwa msikilizaji wa kawaida, majina matatu yanaweza kuwa magonjwa matatu, na moja kati yake likachukuliwa kuwa la watu wa ng'ambo.

3.0 Polisemia ya neno kinga

Kitenzi kinga ni miongoni mwa vitenzi vyenye picha ya wazi katika Kiswahili. Mtu hukinga maji ya mvua kwa kuweka chombo chini ya mchirizi. Hukinga jua kwa mkono au mwavuli. Hukinga pigo kwa ngao. Maana mbili zinakaa pamoja: kupokea kinachoanguka na kuzuia kinachokuja. Kwa kondomu, neno hilo ni sahihi kwa pande zote mbili, kwani kifaa hicho hupokea shahawa na papo hapo huzuia vimelea. Si ajabu kwamba tumia kinga limekuwa tamko la kawaida la kumhimiza mtu avae kondomu.

Tatizo si neno lenyewe bali wingi wa kazi lililopewa. Katika mawasiliano ya afya, kinga leo ina angalau maana nne. Kwanza, ni uwezo wa mwili kupambana na maradhi, kama katika upungufu wa kinga mwilini. Pili, ni hatua yoyote ya kuzuia ugonjwa, kama katika msemo kinga ni bora kuliko tiba. Tatu, ni kondomu. Nne, katika miaka ya karibuni, ni sehemu ya istilahi dawa kinga, inayotumika Tanzania kwa dawa anazomeza mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, ambazo vituoni hujulikana pia kwa kifupi cha PrEP. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hizo mwaka 2015 kwa watu wote walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa.

Fikiria mhudumu wa afya anayemuuliza msichana: Je, mnatumia kinga? Msichana aliyechomwa sindano ya miezi mitatu anaweza kujibu ndiyo kwa moyo mweupe, kwa sababu amejikinga dhidi ya mimba. Kijana anayemeza dawa kinga anaweza pia kujibu ndiyo, naye amejikinga dhidi ya VVU pekee. Kisonono, kaswende na klamidia havizuiwi na dawa hizo, wala mimba haizuiwi. Mtu wa tatu, anayetumia kondomu wikendi tu, naye anajibu ndiyo. Majibu matatu yanafanana, hali tatu zinatofautiana, na mhudumu anaandika alama moja katika fomu yake.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya methali hiyo ni kijinga cha moto, ambacho wingi wake ni vinga, na si kinga inayozungumziwa hapa. Lakini methali inafaa kama onyo la kiisimu: maneno yanayofanana yakikutanishwa bila kutenganishwa huweza kuwasha moto. Kwa kinga ya afya, namna ya kuyatenganisha ni kukamilisha kirai kwa kihusishi dhidi ya. Kinga dhidi ya mimba. Kinga dhidi ya VVU. Kinga dhidi ya maambukizi mengine ya ngono. Pale inapokusudiwa kondomu, iitwe kondomu. Neno hilo limekwisha kutoholewa, lina wingi wa makondomu katika matumizi ya mitaani na kondomu katika usanifu, na hakuna Mswahili anayeshindwa kulielewa.

4.0 Usalama usio na ngazi

Istilahi ngono salama ina ugumu wa aina nyingine. Kivumishi salama katika Kiswahili hakina ngazi kwa urahisi. Aliyefika salama amefika. Chombo kilichorudi salama salimini hakikupatwa na lolote. Ndiyo maana neno hili lilifaa sana kibiashara, hata kondomu zilizouzwa Tanzania kuanzia miaka ya 1990 zikapewa jina la Salama. Lakini sayansi ya kujikinga inazungumza kwa viwango, si kwa ukamilifu.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonesha kwamba kati ya wanawake 100 ambao wenzi wao hutumia kondomu kwa usahihi kila mara, wapatao 2 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja. Katika matumizi ya kawaida, yenye kusahau na kukosea, idadi hufikia 13. Kwa sindano idadi ya matumizi ya kawaida ni kama 4, na kwa kitanzi cha shaba haifiki 1. Kuhusu VVU baina ya wenzi mwanamume na mwanamke, matumizi ya kondomu ya kila mara hupunguza maambukizi kwa takribani asilimia 80. Kwa vimelea vinavyoambukiza kwa kugusana ngozi, kama vile virusi vya papiloma na vya malengelenge ya sehemu za siri, kondomu hupunguza hatari lakini haiiondoi, kwa kuwa haifuniki ngozi yote.

Msikilizaji aliyeahidiwa usalama kamili akipasukiwa na kondomu mara moja, anaweza kuhitimisha kwamba aliambiwa uongo, na kuiacha kabisa. Aliyeambiwa kwamba kondomu hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, na kwamba usahihi wa matumizi unaongeza kiasi hicho, ana sababu ya kujifunza matumizi sahihi: kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kufungua pakiti bila meno wala mkasi, kubana ncha ili hewa itoke, kuivisha uume uliosimama hadi mwisho wake, kuishika shinani wakati wa kuchomoa kabla uume haujalegea, na kutoitumia mara ya pili.

Hapa pia uteuzi wa neno una matokeo ya moja kwa moja. Baadhi ya maelezo hutumia kirai mafuta ya kulainisha kwa kitu ambacho hupakwa juu ya kondomu kupunguza msuguano. Msikilizaji anayesikia mafuta atachukua alichonacho nyumbani: mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia au mafuta ya mgando ya kujipaka. Yote hayo hudhoofisha mpira wa lateksi na kuufanya upasuke upesi. Kirai kilainishi cha maji ni kirefu kidogo, lakini kinamwokoa mtu na kosa ambalo neno lenyewe lingemsukumia.

5.0 Ugonjwa na zinaa: maneno mawili, vizuizi viwili

Istilahi iliyozoeleka kuliko zote ni magonjwa ya zinaa. Kwa upande wa maana, kila neno ndani yake linamficha mgonjwa mmoja.

Neno ugonjwa linamficha asiye na dalili. Katika Kiswahili mgonjwa ni mtu anayeumwa. Anayefanya kazi zake na kula vizuri si mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 yalitokea maambukizi mapya milioni 374 ya aina nne zinazotibika, yaani klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi, kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Ni zaidi ya milioni moja kwa siku. Sehemu kubwa ya maambukizi hayo haioneshi dalili, hasa kwa wanawake. Klamidia isiyotibiwa inaweza kuharibu mirija ya uzazi bila mwanamke kuhisi lolote hadi siku atakapotafuta mtoto akamkosa. Neno maambukizi, ambalo halimtaki mtu aumwe kwanza, linafaa zaidi.

Neno zinaa linamficha mwenye ndoa. Katika matumizi yake ya asili, yaliyokuja na dini na sheria, zinaa ni kujamiiana nje ya ndoa halali. Ni neno sahihi mahali pake. Lakini likihamishiwa zahanati, linageuza utambuzi wa tiba kuwa hukumu. Mke ambaye hajawahi kutoka nje ya ndoa yake, na ambaye ameambukizwa kaswende na mumewe, anaambiwa kwamba ana ugonjwa wa zinaa. Mtoto mchanga aliyezaliwa na kaswende, au ambaye macho yake yamepatwa na kisonono wakati wa kuzaliwa, naye anaingia katika kundi hilohilo. Kwa mke huyo njia ni mbili: ayakatae majibu kwa sababu anajua hakuzini, au ayakubali na kubeba aibu isiyo yake. Katika hali zote mbili inakuwa vigumu kumwambia mumewe aje kutibiwa, na asipotibiwa yeye, maambukizi yatarudi.

Athari yake ni kubwa kwa sababu kaswende ya wajawazito hupimwa kwa urahisi na kutibiwa kwa sindano ya penisilini, ilhali isipotibiwa huweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kufia tumboni au kuzaliwa na ulemavu. Istilahi maambukizi ya ngono, inayotaja njia ya kuambukiza bila kutoa hukumu ya maadili, haimpunguzii mtu dini yake. Inamwachia kiongozi wa dini kazi ya kuonya dhidi ya zinaa, na mganga kazi ya kutibu.

6.0 Majina ya njia za kuzuia mimba

Uwanja wa uzazi wa mpango una msamiati wake, uliojengwa kwa miongo mingi. Nchini Tanzania chama cha UMATI kilianza mwaka 1959, na alama ya Nyota ya Kijani ikaja kutambulisha vituo vinavyotoa huduma. Kirai uzazi wa mpango, au upangaji uzazi kama kinavyosikika zaidi Kenya, kilichaguliwa kwa busara: hakisemi kuzuia watoto bali kuwapanga. Hata hivyo, anayepanga uzazi ni mtu anayetarajia kuzaa. Msichana wa miaka 17 ambaye hana mpango wowote wa uzazi hajioni ndani ya kirai hicho, na pengine hapo ndipo anapokosa huduma iliyomlenga.

Majina ya vifaa nayo yana sauti zake. Kitanzi ni jina linalofanana na umbo la kifaa kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, lakini pia ni neno la kamba ya kunyongea. Kujitia kitanzi ni kujiua. Baadhi ya watu husema lupu au koili, na si kwa kupenda utohozi tu. Kufunga kizazi kunaleta picha ya mlango uliofungwa kwa ufunguo, na kwa wanaume huamsha hofu ya kuhasiwa, ingawa upasuaji wa kukata mirija ya mbegu hauondoi nguvu wala hamu. Kijiti, kinyume chake, ni jina jepesi lisilo na deni la maana.

Mfano wenye uzito zaidi ni P2, jina la mitaani la vidonge vya dharura nchini Kenya na Tanzania. Vidonge hivyo humezwa mapema iwezekanavyo baada ya ngono isiyo na kinga dhidi ya mimba, na manufaa yake hupungua kadiri saa zinavyopita, ingawa Shirika la Afya Duniani huyatambua hadi siku 5. Jina P2 ni fupi na rahisi kutamkwa mbele ya muuza duka la dawa. Hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba halisemi dharura ipi inayotatuliwa. Kwa maambukizi ya VVU ipo huduma nyingine ya dharura, dawa zijulikanazo vituoni kama PEP, ambazo ni lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kutumiwa kwa siku 28. Msichana anayetoka duka la dawa akiwa amemeza P2, akaamini kwamba dharura imekwisha, anazipoteza saa hizo 72 bila kujua kwamba saa ilikuwa ikihesabu. Sentensi moja ya Kiswahili kutoka kwa muuzaji ingetosha: Hii ni ya mimba, kwa virusi nenda kituo cha afya leo.

Chanjo nayo huachwa nje ya mazungumzo haya. Rwanda ilianza mwaka 2011 kutoa kitaifa chanjo dhidi ya virusi vya papiloma, na Uganda, Tanzania na Kenya zikafuata kati ya 2015 na 2019. Chanjo hiyo hutangazwa kama ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, jambo ambalo ni kweli na limesaidia wazazi kuikubali. Hata hivyo, jina hilo limeficha kwamba ni sehemu ya kujikinga na maambukizi ya ngono.

7.0 Tafsida, mahali na mtendaji

Husemwa kwamba Kiswahili ni lugha ya haya na kwamba mambo ya faragha hayatamkiki ndani yake. Ushahidi wa utamaduni unapinga. Katika jando na unyago, na katika mafunzo ya kungwi au somo kwa mwari, mambo ya mwili hutajwa kwa majina yake. Haya haimo katika lugha. Imo katika mahali, na katika uhusiano wa anayesema na anayesikia. Tafsida kama tendo la ndoa, kukutana kimwili au kushiriki ni za hadhira mchanganyiko. Zinapotumiwa katika darasa la vijana au chumba cha ushauri, zinapoteza maana. Kijana asiyeoa anayeonywa kuhusu tendo la ndoa anaweza kwa haki kabisa kuona kwamba haambiwi yeye.

Vyombo vya habari vimewahi kupata njia ya kati. Mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza kurushwa Tanzania mwaka 1993, ulimtumia mhusika Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, kufundisha kwa kisa badala ya amri. Kampeni ya Fataki ililipa jina la mlipuko kundi la wanaume watu wazima wanaowarubuni wasichana. Nguvu ya jina hilo ni kwamba lilihamisha macho ya jamii kutoka kwa msichana hadi kwa mwanamume. Kwa upande mwingine, mwaka 2013 nchini Kenya tangazo la televisheni lililohimiza kondomu kwa mwanamke mwenye ndoa aliye na mpango wa kando liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini kulipinga. Tangazo hilo lilisema wazi, lakini lilisema kila kitu mbele ya kila mtu. Funzo lake ni kwamba uwazi unahitaji mahali pake, jambo ambalo makungwi walilijua zamani.

Suala la mwisho ni la kisarufi. Ujumbe mwingi hutumia kiambishi cha kujirejelea: jikinge, jilinde, jitunze. Kiambishi -ji- hufanya mtendaji na mtendewa kuwa mtu mmoja. Lakini ngono ni ya wawili, na kondomu ya kiume huvaliwa na mmoja wao. Mwanamke anayeambiwa jikinge anapewa wajibu wa tendo linalofanywa na mwili wa mwingine. Kiswahili kina dawa yake katika kauli ya kutendana na katika wingi: kingeni na mkingane, pimeni pamoja, mtibiwe wote wawili. Kiambishi -an- kinasema kwa herufi mbili kile ambacho miongozo ya afya hukieleza kwa aya nzima kuhusu kumtibu mwenzi.

8.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa kwa wizara za afya, mabaraza ya lugha na washauri wa sera.

Kwanza, neno kinga lisiachwe peke yake katika fomu, bango au ushauri. Lifuatwe na dhidi ya na jina la kinachokingwa. Swali la mhudumu liwe mawili: mnazuiaje mimba, na mnazuiaje maambukizi? Kwa njia hiyo wazo la kinga maradufu, yaani kondomu pamoja na njia nyingine ya kuzuia mimba, litajitokeza lenyewe.

Pili, maambukizi ya ngono ichukue nafasi ya magonjwa ya zinaa katika nyaraka za tiba, na VVU itenganishwe na UKIMWI kila vinapotajwa.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iratibu orodha ya istilahi za afya ya uzazi inayoonesha visawe vya kila nchi, ukiwemo upande wa Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022. Orodha hiyo isifute lupu kwa ajili ya kitanzi wala sida kwa ajili ya UKIMWI. Imsaidie mhudumu wa mpakani kutambua kwamba mgonjwa wake anazungumzia jambo lilelile.

Nne, ujumbe ujaribiwe kwa wasikilizaji kabla ya kuchapishwa, kwa kumwomba kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichokielewa. Kanda ya mashariki na kusini mwa Afrika ndiyo yenye zaidi ya nusu ya watu wote wanaoishi na VVU duniani. Katika mazingira hayo, jaribio la nusu saa si anasa.

Wapo watakaohofu kwamba maneno ya wazi huchochea kinachoonywa. Hofu hiyo inastahili heshima, lakini inafaa ipimwe kwa kile ambacho maneno yasiyo wazi yanafanya leo. Msichana aliyemeza P2 bila kusikia habari za PEP hakukosa maadili wala dawa. Alikosa sentensi moja katika lugha anayoielewa, na sentensi hiyo ni kazi ya wale wanaoitunza lugha hii.